Mtepe na Nyumba ya Makumbusho

Nyumba ya makumbusho hutungwa kama kitabu kitungwavyo. Ina mtungaji, ijapokuwa jina lake halikuandikwa mlangoni. Ina mwanzo na mwisho. Ina mambo yaliyotajwa kwa sauti na mambo yaliyopitwa kimya. Mtu akiingia huongozwa kutoka chumba hadi chumba kama msomaji aongozwavyo kutoka sura hadi sura, na anapotoka huwa ameamini jambo ambalo hakuwa nalo alipoingia. Kwa sababu hiyo yafaa nyumba hiyo ihakikiwe kama kitabu kihakikiwavyo, kwa adabu na bila ya woga. Wahakiki wa Kiswahili wamezipima tenzi na mashairi kwa mizani nzuri. Si vibaya mizani hiyo ikatiwa siku moja kitu kilichotungwa kwa mbao na kamba.

Mji wa Lamu unayo nyumba ya namna hiyo, ufukoni, karibu na gati. Jengo lenyewe ni la mwisho wa karne ya 19. Zamani lilikuwa makao ya maofisa wa utawala wa Kiingereza, na mwaka 1971 likafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni wafikao kuutazama huanzia aghalabu katika nyumba hii. Mwenye haraka huzitazama siwa mbili, moja ya pembe za ndovu iliyotoka Pate na moja ya shaba ya Lamu, kisha hutoka ameridhika, kwa kuwa siwa ni kitu cha fahari na fahari hujieleza yenyewe. Lakini katika yale yanayohusu bahari kipo kitu kinyonge kinachostahili kusimamiwa muda mrefu zaidi. Kitu hicho ni mfano mdogo wa mtepe, chombo cha pwani ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari wa chuma.

Umbo la mtepe lamvuta mtazamaji mara moja. Una mlingoti mmoja na tanga la mraba la mkeka. Omo yake imerefuka mbele kama shingo, na mwisho wa shingo hiyo pana umbo la kichwa. Wageni huambiwa kwamba ni kichwa cha ngamia, na kwamba watu wa kale walikusudia kumkumbuka ngamia wa Mtume Muhammad. Hadithi hiyo ni nzuri. Ni fupi, ina heshima ya dini, na hukaa katika kumbukumbu pasipo taabu. Kwa hiyo ndiyo aghalabu mgeni aondokayo nayo: aliona chombo chenye kichwa cha ngamia. Akiulizwa kilishonwaje, na nani aliyeshona, na kamba ilitoka wapi, hujibu kwamba kilishonwa kwa kamba, basi.

Hapo ndipo uhakiki unapopata kazi yake. Kichwa cha ngamia kilikuwa pambo la mtepe. Mshono ulikuwa uhai wake. Chombo kingeweza kuondolewa kichwa kikafika Unguja salama. Kikiondolewa mshono kilikuwa rundo la mbao. Mfano uliowekwa mbele ya macho humwelekeza mtu kwenye pambo, na uhai hubaki kama habari ndogo ya pembeni. Kosa hilo si la Lamu peke yake, wala halikufanywa kwa nia mbaya. Ni kosa la kawaida la kila mwenye kuonyesha kazi ya mikono kwa kuonyesha kilichokwisha kutengenezwa.

Ili uzito wa jambo hili uonekane, inafaa kukumbuka umri wa mshono huo. Katika kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1 kuwaongoza wafanyi biashara wa bahari ya Hindi, bandari ya mwisho ya pwani hii inaitwa Rhapta, na mwandishi aeleza kuwa jina hilo latokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwa huko. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anazitaja kamba za makumbi katika habari zake za visiwa vya Maldives. Asema kwamba bahari hii ina miamba mingi. Chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, bali kilichoshonwa kwa kamba hunyumbuka wala hakitawanyiki. Vasco da Gama alipofika Msumbiji mwaka 1498, mwandishi wa habari za safari yake aliandika kwamba vyombo vya nchi havikuwa na misumari, mbao zilishikwa kwa kamba, na matanga yalikuwa ya mikeka. Basi mashahidi watatu, Myunani, Mmoroko na Mreno, waliopishana kwa mamia ya miaka, walitazama jambo lile lile. Hakuna hata mmoja wao aliyeanza kwa kichwa cha ngamia. Wote walishangazwa na kamba.

Yaonekana kila zama zilitafuta sababu ya kutokuwapo kwa msumari. Wasomaji wa Alfu Lela u Lela wanaijua hekaya ya mlima wa sumaku, ambao chombo kikiukaribia misumari yake yote hung'oka ikaurukia mlima, na chombo kikasambaratika. Hekaya ya namna hiyo ilitumiwa zamani kueleza kwa nini watu wa bahari ya Hindi hushona vyombo vyao. Ni hekaya ya mtu aliyetazama kutoka mbali. Ibn Battuta alisimama karibu zaidi, na sababu yake ni ya fundi: mshono hunyumbuka. Tofauti ya sababu hizo mbili ndiyo tofauti ya namna mbili za kuonyesha kazi. Moja hutoa ajabu, nyingine hutoa akili iliyomo ndani ya kazi. Nyumba ya makumbusho yaweza kuchagua moja au nyingine, na hadithi ya ngamia, ikisimuliwa peke yake, iko upande wa mlima wa sumaku.

Kazi ya mtepe haikuanza kwa shoka wala kwa tezo. Ilianza kwa kumbi la nazi. Makumbi hufukiwa katika mashimo ya ufukoni, mahali maji ya bahari yanapopanda na kushuka, yakaachwa humo kwa miezi mpaka yaoze sehemu yake laini na kubaki nyuzi. Hufukuliwa yakiwa na harufu nzito, hupondwa kwa mti, huchambuliwa, huoshwa na kuanikwa hata yakawa usumba. Usumba husokotwa ukawa ugwe, na nyugwe zikasokotwa pamoja zikawa kamba. Kazi hii katika pwani yetu aghalabu ni ya wanawake, na katika vijiji vya Unguja wapo waifanyao hata leo. Kamba ya makumbi ina tabia yake: maji ya chumvi hayaiharibu upesi, bali maji ya mvua huiozesha, ikilowa bahari huvimba na kukaza.

Baada ya hapo ndipo waunzi walipoingia. Mbao zilisimamishwa ukingo kwa ukingo, zikashikwa kwa vijiti vilivyopigwa ndani yake, kisha zikapekechwa matundu kwa keekee, kila tundu likiwa na mwenzake katika ubao wa pili. Kamba ilipitishwa kutoka ndani kwenda nje na kurudi, ikavutwa na kukazwa. Matundu yakazibwa ili kamba isilegee na maji yasipenye. Hata hivyo maji yalipenya. Mtepe ulikuwa ukivuja, na mabaharia hawakuona haya kwa hilo. Katika ngama palikuwa na mtu na upo wake, akifua maji usiku na mchana. Tanga nalo lilitokana na miyaa iliyosukwa, na mkeka kwa desturi ni ukili ulioshonwa kwa ukili. Kwa hiyo tokea mkuku hata foromali chombo kizima kilikuwa mshono juu ya mshono, na mikono ya wanawake iliyosokota na kusuka ilikuwamo ndani yake sawa na mikono ya waunzi.

Tena kazi hiyo haikuisha siku chombo kiliposhushwa baharini. Kamba huchakaa. Chombo kilipandishwa pwani, mshono uliochakaa ukafumuliwa, mbao zikatazamwa, iliyooza ikaondolewa, kisha kikashonwa upya. Mtepe wenye umri mkubwa huenda haukubaki na uzi hata mmoja wa siku yake ya kwanza, na pengine mbao zake nyingi zilikuwa zimebadilishwa. Lakini ulikuwa mtepe ule ule, kwa kuwa kushonwa hakukukoma. Jambo hili ndilo kiini cha mtepe, na ndilo ambalo nyumba ya makumbusho kwa desturi zake haiwezi kulistahimili. Sheria ya kwanza ya nyumba ya makumbusho ni kwamba kitu kisiguswe. Sheria ya kwanza ya mtepe ni kwamba usipoguswa unakufa.

Tukitazama kwa jicho la sarufi, mfano uliomo ndani ya kabati unahifadhi nomino na kupoteza vitenzi. Mtepe, omo, tezi, mlingoti, tanga: hayo yaweza kuonyeshwa kwa kidole. Lakini kufukia, kufukua, kuponda, kuchambua, kusokota, kupekecha, kushona, kukaza, kuziba, kupaka, kufua maji na kufumua ni vitenzi kumi na viwili visivyokaa ndani ya kabati. Huhitaji mkono, na muda, na mtu wa pili wa kujibizana naye. Fundi hasemi neno kukaza kama msomi alisemavyo. Yeye anajua kukaza kwa kiasi gani, na anajua sauti ya ubao unaolalamika kwa kukazwa kupita kiasi. Elimu hiyo haiandikwi katika kibao cha maelezo hata kiwe kirefu namna gani.

Yaweza kudhaniwa kwamba dawa ya upungufu huo ni kukuza mfano: kama mfano mdogo hautoshi, na uundwe mtepe mzima. Jambo hilo lilifanywa Unguja. Mwanzoni mwa karne ya 21 mtepe wa ukubwa wake kamili uliundwa ukawekwa katika ukumbi wa kati wa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na baadaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Chombo hicho kilistahili sifa zote kilizopewa. Mtazamaji aliyesimama chini yake aliona kwa mara ya kwanza kwamba mtepe haukuwa kijahazi cha kuchezea. Aliuona mshono ukipanda ubavuni, tundu baada ya tundu, akaweza kukisia ni pima ngapi za kamba zilizotumika na ni makumbi ya minazi mingapi yaliyofukiwa kwa ajili yake.

Hata hivyo, pana jambo la kutafakari katika kazi hiyo njema. Katika miezi ya kuuunda mtepe huo mafundi walilazimika kuuliza maswali ambayo hayakuwa yameulizwa na fundi yeyote wa pwani hii kwa miongo mingi: tundu liwe mbali kiasi gani na ukingo, kamba ianzie wapi, ubao upindwe vipi. Walikosea na kusahihisha. Hapo vitenzi vyote vilifufuka. Kisha kazi ikaisha, chombo kikawekwa ukumbini, na vitenzi vikarudi kulala. Kwa hakika makumbusho yaliyo bora yalikuwa ule muda wa kuunda. Kilichobaki baadaye kilikuwa ukumbusho wa makumbusho. Mtepe ule ulisimama pakavu. Haukuvuja, kwa hiyo haukuhitaji mtu wa kufua maji. Haukuchakaa kwa mawimbi, kwa hiyo haukuhitaji kufumuliwa na kushonwa. Ulipewa raha ambayo chombo cha kushonwa hakikuizoea.

Kisha tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa matengenezo, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib pamoja na mnara wa saa ilianguka, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa na nguzo za chuma, nalo lilisalimika katika mizinga ya mwaka 1896. Msiba huo una mazingatio yake, nayo hayahitaji kumlaumu mtu. Mithali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa mtepe waliijua mithali hiyo kwa mikono yao kabla ya kuijua kwa midomo. Wao hawakutumaini kwamba kitu chaweza kuundwa mara moja kikadumu. Walitumaini kwamba mwaka ujao patakuwa na mtu wa kukishona tena. Majumba ya mawe na chuma hayana budi kujifunza elimu hiyo kutoka kwa chombo cha makumbi, maana nayo pia huvuja, ila uvujaji wao hauonekani upesi.

Mfano mwingine watoka ng'ambo, katika bahari ile ile. Mwaka 1980 chombo kiitwacho Sohar kiliundwa mjini Sur katika Oman, kikashonwa kwa kamba za makumbi kwa desturi ya kale, kisha kikaongozwa na Tim Severin hadi Canton katika China, ambako kilifika mwaka 1981. Oman ni nchi ya mabaharia, na Sur ni mji wa waunzi. Hata hivyo washonaji wa chombo hicho waliletwa kutoka visiwa vya Lakshadweep upande wa India, kwa kuwa huko vyombo vilikuwa vingali vikishonwa na watu wa kawaida kwa haja za kila siku. Jambo hili lastahili kuzingatiwa na kila mtunzaji wa makumbusho. Ilipohitajika elimu ya kushona, haikutafutwa ndani ya kabati la kioo. Ilitafutwa mahali ambapo mikono ilikuwa haijaacha kazi. Kama mikono hiyo nayo ingalikuwa imeacha, michoro na mifano yote ya dunia isingalitosha kukikaza chombo kile kwa safari ya bahari kuu.

Yupo atakayejibu kwamba lawama hizi ni za mtu asiyejua shukrani. Atasema kwamba mtepe ulikoma wenyewe. Vyombo vya misumari vilikuwa imara zaidi kwa shehena nzito na havikuhitaji kufuliwa maji kila saa; hapana serikali iliyoupiga marufuku mtepe, wala mtunza makumbusho aliyeuua. Katika karne ya 19 Wabajuni wa visiwa vya kaskazini ya Lamu walikuwa bado wakiuunda na kuutumia kuchukua boriti. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 ukapungua na hatimaye ukatoweka. James Hornell alipochapisha makala yake juu ya mtepe mwaka 1941, na A. H. J. Prins alipotoa kitabu chake Sailing from Lamu mwaka 1965, walikuwa wakiokota makombo ya elimu iliyokuwa ikitawanyika. Kama si maandiko ya namna hiyo, na kama si mifano midogo iliyohifadhiwa, leo tungekuwa na jina tupu. Kutaka makumbusho yaushone mtepe kila mwaka ni kutaka yafanye kazi ambayo hata bahari yenyewe imekwisha kuiacha.

Jibu hilo lina haki kubwa, na haki hiyo haifai kupunguzwa. Mfano wa Lamu ni amana. Aliyeuweka aliokoa kitu, na aliyeokoa kidogo ni bora kuliko aliyeacha vyote. Wala hapana mwenye akili atakayewataka watu wa Lamu warudie mtepe na kuacha jahazi, au waache mashine na kurudia tanga la mkeka. Watu waliochagua msumari walichagua kwa akili yao, na uamuzi wao ni sehemu ya historia kama ulivyo mshono. Lakini swali si kwamba mtepe urudi baharini. Swali ni kama nyumba ya makumbusho yatosheka kuwa kaburi zuri, au yataka kuwa mahali ambapo elimu yaweza kuulizwa nayo ikajibu.

Kwa nyumba iliyo Lamu jambo hilo si gumu kama lionekanavyo, kwa kuwa iko katikati ya kazi ambazo hazijafa. Katika kijiji cha Matondoni, upande mwingine wa kisiwa hicho hicho, majahazi yameendelea kuundwa kwa misumari, na mikeka imeendelea kusukwa. Muunzi wa Matondoni hakushona mtepe, lakini anajua kupinda ubao, kusimamisha taruma, na kuziba upenyo kwa kalafati. Nusu ya elimu ya mtepe i mkononi mwake. Nusu ya pili i mikononi mwa wanawake wanaosuka ukili na wanaosokota kamba. Nusu hizo mbili hazijakutanishwa. Ubao mmoja tu uliopasuliwa vipande viwili, ukawekwa uani, ukashonwa mbele ya wanafunzi mwanzo wa mwaka, ukafumuliwa mwisho wa mwaka, ukashonwa tena mwaka wa pili na kundi jingine, ungefundisha mengi kuliko kabati kumi. Ungechafua uwanja, na ungenuka makumbi. Lakini kila mtoto aliyevuta kamba ile angejua kwa kiganja chake jambo ambalo Ibn Battuta alilijua kwa macho.

Pamoja na hayo, yapasa majina ya watenda kazi yapate mahali pao. Katika kuonyesha vyombo vya bahari ni desturi kumtaja nahodha, na mara nyingine muunzi. Msokota kamba hatajwi. Mtazamaji huondoka akidhani kuwa bahari ilikuwa ya wanaume, kumbe kila pima ya mshono uliowazuia wanaume hao wasizame ilipita kwanza mikononi mwa mwanamke aliyeinama ufukoni na kufukua makumbi. Jambo hili si la kuwapendeza watu wa leo. Ni la kusema kweli juu ya watu wa jana. Maelezo ya mtepe yasiyofika kwenye shimo la makumbi yameanza katikati ya hadithi.

Hatimaye lawama isiwaelemee watunza makumbusho peke yao, maana wasomi wa lugha nao wana deni. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson inalo neno mtepe, na kwa hiyo neno limesalimika. Lakini neno la kazi halisalimiki kwa kuandikwa tu. Husalimika kwa kuwa na watu wanaolihitaji. Mashairi ya pwani ya karne ya 19, kama yale ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliyochapishwa kwa mkusanyo wa mwaka 1940, yalitungwa kwa watu waliojua chombo kama tunavyoijua njia ya kwenda nyumbani. Mwanafunzi wa leo akikuta tezi na omo, joshi na demani, ngama na dasi, hutafuta maana ya fumbo kabla hajaijua maana ya kitu. Hufundishwa kwamba chombo ni mfano wa dola, au wa mwili, au wa dunia, na pengine ni kweli. Lakini mshairi alianza kwa chombo kinachovuja, na fumbo lilipata nguvu zake kwa sababu wasikilizaji waliwahi kufua maji. Kazi ya mikono ikipotea, fasihi huanza kuchakaa kimya kimya kutoka ndani.

Kamba hukatikia pabovu, wasema wahenga. Katika habari hii pabovu ni pale ambapo anayejua kushona hakutani na anayetaka kujua. Mfano wa Lamu hauwezi peke yake kupaziba, wala haukuwekwa kwa kazi hiyo. Lakini waweza kuwa mwanzo wa maulizo. Mgeni anayesimama mbele yake afanye hisani moja: akiacha macho yake yakatosheka na kichwa cha ngamia, ayashushe polepole mpaka penye ukingo wa ubao wa kwanza na wa pili, atazame mahali kamba inapoingia, kisha amwulize anayemwongoza nani aliyeisokota. Swali hilo likiulizwa mara nyingi, huenda siku moja likamfanya mwenye nyumba atoke nje, akamtafute mtu wa kulijibu wakati angali yupo.